Kisima Kimelala: Kisa cha Maji ya Chumvi Nyumbani Kwetu Kisauni

Sabuni ndiyo iliyotangulia kutupa habari. Mama mmoja kati ya wapangaji wetu alikuwa akifua sare za wanawe uani, akasugua mpaka vidole vikachubuka, na povu halikuja. Maji yaligeuka kijivu, na juu yake vikaelea vijipande kama maziwa yaliyokatika. Tukadhani sabuni ni ya bandia. Mombasa hii mtu hudhani hivyo kwanza. Wiki ya pili ikawa zamu ya chai. Nyanya alionja, akaweka kikombe chini, akaonja tena kana kwamba ulimi wake ndio wenye kosa.

"Nani aliyetia chumvi humu?"

Hakuna aliyetia. Ilikuwa Februari, kaskazi imekausha kila kitu, na kisima alichochimba babu kabla mama yangu hajazaliwa kilikuwa kimeingiwa na bahari.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea mazingira, na muhula ule tulikuwa na somo la kufikiri kwa mifumo. Mwalimu alitaka kila mmoja achague hali moja anayoishi nayo, si aliyoisoma, aichore kama mfumo, aonyeshe kitu gani kinasukuma kingine, kisha aandike alichojifunza. Wenzangu walichagua plastiki za ufuoni, mikoko ya Tudor, kunguru. Mimi nilirudi nyumbani Ijumaa, nikainywa ile chai, nikajua nimeshapata kazi yangu. Haya ninayoandika ni kazi ile ile, nikiwa nimeyatoa maneno ya kumpendeza msahihishaji na kuongeza yaliyotokea baada ya kuiwasilisha.

Nyumba na kisima chake

Nyumba yetu iko Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, mwendo wa dakika kama 20 kwa miguu kutoka hori la Tudor. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma. Uani kuna kisima, na kwenye ukuta wa nyuma kabisa kuna vyoo. Kisima si kirefu. Babu alipita mchanga, akakuta mawe ya matumbawe, akaishia pale maji yalipomfika kiunoni. Juu akajenga ukingo wa mawe na kusimamisha mti wa kapi. Kapi lilikuja kuibwa, kwa hiyo kwa miaka mingi kamba ilikuwa ikisugua jiwe lenyewe. Ukipitisha kidole ukingoni hata leo unahisi vijifereji vilivyoliwa na kamba, vingine vinameza kucha nzima.

Kosa langu la kwanza katika uchunguzi huu lilitokea jikoni. Birika la chai la nyanya lina gamba jeupe ndani, gumu kama ganda la yai, na nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye daftari kwamba lile gamba ni ushahidi wa chumvi ya bahari. Nyanya aliponisikia nikimsomea alicheka. "Hilo gamba lina umri kukushinda wewe." Alikuwa sahihi. Gamba ni chokaa. Maji ya huku hupita kwenye matumbawe ya kale, yaliyojengwa bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, na kila tone hubeba chokaa kidogo. Maji yetu yalikuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, tangu zamani, na sabuni ilikuwa ikilalamika kidogo kidogo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni ladha. Nikafuta ukurasa mzima.

Mchoro wenye mkosaji mmoja

Mchoro wa mfumo nilioupeleka kwa mwalimu mara ya kwanza niliumaliza kwa usiku mmoja, na hiyo peke yake ingetosha kunitia shaka. Ulikuwa na mishale kumi na minne. Ukiifuata yote ilikuwa inatoka kwenye jumba la ghorofa nne lililo nyuma yetu. Mwenye jumba namwita Ami, ingawa hatuna damu moja. Ana kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine, pampu inayonguruma tangu alfajiri, na bomba kwenye ukuta wa nje ambapo vijana wa mikokoteni hujaza mitungi ya lita 20 na kuipeleka mitaani. Jumba lilimalizika, miaka miwili haikupita, kisima chetu kikawa chumvi. Nani angehitaji mshale wa kumi na tano?

Nilimtandikia nyanya karatasi mezani. Alivaa miwani, akaifuata mishale kwa kidole kama anayesoma juzuu, akafika mwisho, akaniuliza, "Na mkono wangu uko wapi hapa?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Alisema yeye aliteka maji kwenye kisima kile kwa zaidi ya miaka 40, basi kama ninachora habari za kisima inakuwaje yeye hayumo? Nikamuuliza alikuwa akiteka ndoo ngapi kwa siku. "Kumi na tano. Siku ya kufua, ishirini. Ya ishirini na moja mkono wenyewe wakwambia basi." Tena babu alikuwa na amri yake: adhana ya magharibi ikilia, ndoo inapinduliwa juu ya ukingo na hakuna kuteka mpaka alfajiri. Kisima kimelala. Wengine wakisema ni kwa ajili ya majini. Nyanya yeye aliamini ni kwa ajili ya watoto wasitumbukie gizani. Babu hakueleza kamwe.

Nilikaa na swali lile siku mbili. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba kila mfumo una akiba, na akiba ina mtiririko wa kuingia na mtiririko wa kutoka. Na kwamba baina yao kuna marejesho. Yapo marejesho yanayochochea, jambo likizidi linajizidisha. Na yapo yanayotuliza, jambo likizidi linajizuia. Mfano wa mwalimu wa marejesho ya kutuliza ulikuwa lile boya la ndani ya tangi: maji yakipanda boya linapanda, mlango unafungwa. Niliuandika mfano huo mtihanini nikapata alama zote. Lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nyumbani kwetu boya lilikuwa ni bega la nyanya. Ukiteka sana unachoka, ukichoka unaacha, ukiacha maji yanarudi. Hakuna aliyelipanga hivyo. Lilikuwepo tu, na lilifanya kazi yake miaka 40 bila kupewa jina.

Kisha nikakumbuka siku tulipoliondoa.

Ilikuwa 2016. Mjomba alituletea pampu ndogo ya umeme, ikiwa ndani ya boksi lake, na mtaa mzima ulikuja kuangalia. Ulikuwa ukibonyeza swichi na maji yanapanda mpaka tangi la juu; nyanya alilia. Sisemi ilikuwa kosa. Bega lake lilikuwa limeshaharibika, na sitaki kusikia mtu anayesifu kamba na ndoo ambaye hajawahi kuteka. Ila tangu siku ile hapakuwa na kitu chochote nyumbani kilichosema "basi". Maji yakawa mengi, kwa hiyo tukajenga vyumba sita vya kupanga nyuma. Ili kupata nafasi tukaukata mti wa mkungu. Ili wapangaji wasikanyage tope tukaumwagia ua wote simiti. Miezi ya kiangazi tulitoa mpira mlangoni tukauza maji kwa mtungi, kama Ami, kabla ya Ami. Kodi na fedha za mitungi ndizo zilizonimalizia sekondari na kunipeleka chuo.

Kwa hiyo mshale wa kumi na tano ulitoka kisimani ukaja moja kwa moja kwenye ada yangu. Niliuchora kwa penseli, nikidhani huenda nitaufuta.

Samli juu ya mchuzi

Hapa lazima nieleze kinachotokea chini, kwa sababu bila hilo kisa hiki kinageuka lawama za majirani.

Maji matamu yaliyo chini ya mitaa ya pwani yetu hayakukaa ndani ya beseni. Yanaelea. Mvua inapenya mchangani na katika mawe yenye vishimo, inafika kwenye maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya nchi kavu, na kwa kuwa ni mepesi kidogo yanakaa juu yake, kama samli juu ya mchuzi. Kidogo hicho ndicho kila kitu. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, na ya maji matamu kilo moja. Kwa tofauti hiyo wataalamu wawili, Ghyben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19 na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, kila mmoja kivyake, walipata hesabu inayotumika mpaka leo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini yake.

Mara ya kwanza kuisoma nilifurahi, nikaona tuna utajiri wa mita 40. Nikaisoma tena kinyumenyume. Ukishusha uso wa maji kwa mita moja, na ukaendelea kuushusha hivyo, bahari inapata ruhusa ya kupanda mita 40. Tena haipandi sawasawa kama maji ya tangi. Inapanda pale pale chini ya mdomo wa bomba linalovuta, ikijikusanya kama kichuguu. Ukivuta kwa nguvu kichuguu kinakua. Ukipumzika kinashuka, polepole.

Ndiyo maana ile amri ya babu ilinishika. Niliazima kifaa cha kupimia chumvi kwenye maabara ya chuo, nikapima wiki mbili mfululizo, alfajiri kabla ya pampu kuwashwa na tena baada ya alasiri. Maji ya alfajiri yalikuwa matamu zaidi kuliko ya jioni kila siku isipokuwa moja, na siku hiyo moja nilikuja kugundua kwamba mpangaji aliamka usiku kujaza mapipa yake. Kisima kilikuwa kinajaribu kulala, sisi tunakiamsha.

Nilipima pia kina, kwa kamba na jiwe, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo. Uso wa maji kisimani ulipanda na kushuka kumfuata mwezi, ukichelewa saa kadhaa nyuma ya hori. Bamvua tofauti ilikuwa kiasi cha shibiri. Maji mafu, vidole vitatu tu. Kwa mwanafunzi mwenye daftari ile ilikuwa sherehe. Nyanya alikuwa anajua siku zote. Siku za bamvua alikuwa hafui.

Na inachukua bahari kiasi gani kuharibu kisima? Kidogo sana. Ulimi wa kawaida huanza kuonja chumvi pale kloridi, ile sehemu kubwa ya chumvi, inapofika robo gramu hivi kwa lita, na maji ya bahari yana takriban gramu 19. Fanya hesabu: mtungi mmoja wa bahari unatosha kuharibu chai ya mitungi 75.

Sasa tazama majirani walifanya nini maji yalipoanza kuonja vibaya. Walichimba zaidi. Wawili waliongeza kina, wa tatu akaleta mashine. Mtu anayechimba anafikiri maji mazuri yako chini, kama ilivyo bara huko juu. Pwani, ukishuka unaisogelea bahari. Kila aliyekimbia chumvi kwa kuchimba aliikuta mapema zaidi, akavuta zaidi ili ayachanganye na ya bomba, akawaongezea chumvi wenziwe, nao wakachimba. Duara hilo la kuchochea nililichora kwa kalamu nyekundu na nikalizungushia mara tatu.

Ami upande wake

Nilikwenda kumwona Ami baada ya sala ya Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa na mchoro, na namshukuru Mungu sikuufungua mapema.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe ndiye unayepima visima vya watu."

Alinipandisha juu mpaka kwenye matangi yake. Akanionyesha daftari lake, kwa sababu kumbe naye ana daftari: siku ambazo maji ya bomba yalikuja. Kulikuwa na wiki ya siku moja, na wiki isiyo na siku. Alijenga kwa mkopo. Wapangaji wake wakikosa maji siku tatu wanahama, na benki haihami. Kisima chake chenyewe kilikuwa chumvi kabla ya chetu, ndipo akanunua mashine ya kuchuja chumvi, iliyo chini ya ngazi, inayokula umeme mchana kutwa. Nikamuuliza yale maji makali yanayobaki baada ya kuchujwa yanakwenda wapi. Akanyosha kidole. Shimoni, nyuma, hatua kama kumi kutoka ukuta wetu.

Yaani mashine ya kuitoa chumvi ilikuwa ikiirudisha ardhini ikiwa imekolea. Sikusema neno. Nilikuwa nafikiria jinsi mwalimu angependa mfano huo, na nikajionea aibu.

"Mimi nikizima leo," akasema, "yule wa nyuma yangu atawasha mbili. Nimfaidishe yeye?"

Swali lake ni swali kongwe. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alianza kulifuatilia swali hilo hilo akiwa mwanafunzi, na alilifuatilia kisimani. Tasnifu yake ya 1965 ilihusu bonde la maji ya chini ya ardhi pwani ya Los Angeles, ambako miji na viwanda walivuta mpaka bahari ikaingia, na kila mmoja akawa anamsubiri mwenziwe apunguze kwanza. Walishtakiana, wakapima, wakaunda chama, wakagawana viwango vya kuvuta, mwishowe wakatoboa safu ya visima vya kuingizia maji matamu ardhini ili kuisukuma bahari nyuma. Nilimsimulia Ami. Alisikiliza vizuri, akauliza ilichukua muda gani. Nikamwambia miaka mingi, na mawakili wengi. Akacheka mpaka akakohoa.

Bomba linalotoka mbali

Daftari la Ami lilinilazimisha kuusogeza mpaka wa mchoro. Nilikuwa nimeuweka kwenye ukuta wa mtaa. Lakini pampu zote hizi zilizaliwa siku bomba lilipoanza kukauka, na maji ya bomba la Mombasa hayatoki Mombasa. Mengine yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililowekwa miaka ya 1950. Na maji ya Mzima yenyewe ni mvua iliyonywewa na vilima vya Chyulu. Mengine ni ya Baricho, kwenye mchanga wa mto Sabaki. Mengine Marere, vilima vya Shimba, na mengine visima vya Tiwi. Taita Taveta, Kilifi, Kwale: chemchemi zetu zote ziko kwa wenyewe. Wakati huo huo sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika Mombasa, na ya 2019 watu 1,208,333. Wamezidi kwa zaidi ya robo milioni katika miaka kumi, na sehemu kubwa yao bara ya kaskazini, kwenye mitaa kama wetu, katika vyumba kama vile sita tulivyojenga sisi. Bwawa la Mwache huko Kwale limekusudiwa kupunguza kiu hiyo. Sikulitia kwenye mchoro. Kisima hakinywi ahadi.

Jambo la vyoo nitalipitia haraka, si kwa kuwa ni dogo. Mtaani kwetu hakuna mfereji wa maji taka; kila nyumba ina shimo lake, na shimo liko kwenye mchanga ule ule na mawe yale yale yenye vishimo. Kwa kuwa ua umepigwa simiti na mvua inakimbilia barabarani, sehemu ya maji yanayorudi kisimani leo ni yale tuliyoyamwaga chooni. Hili nililiandika kwa ufupi nyanya asilisome. Akalisoma. Alichosema ni kwamba tangu kipindupindu cha zamani hajanywa maji ya kisima bila kuyachemsha, mimi je? Chumvi angalau ina adabu, inajitangaza ulimini. Vijidudu havipigi hodi.

Tulichofanya

Donella Meadows, Mmarekani aliyefariki 2001 na ambaye jina lake halikauki kwenye somo hili la mifumo, alikuwa akisema watu wakitaka kubadili mfumo hukimbilia namba, wakati nguvu kubwa iko kwenye kanuni, na kubwa zaidi kwenye lengo. Namba ndizo nilizoanza nazo na mimi: tupunguze lita ngapi? Mpangaji gani apate mitungi mingapi? Tuligombana siku nne. Kisha nyanya akaondoa mjadala wote. Aliita fundi, akamwambia swichi ya pampu iwekwe ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso yake. Magharibi mpaka alfajiri, kisima kimelala. Mdomo wa bomba ukapandishwa karibu na uso wa maji, mahali pale ndoo ilipokuwa ikifika.

La pili lilikuwa paa. Zamani nyumba ilikuwa ya makuti, na mvua ilidondoka ukingoni ikanywewa na mchanga. Tulipoweka mabati hatukufikiria maji yataelekea wapi. Paa letu lina mita za mraba 120. Mombasa hupata mvua ya milimita elfu moja na ushei kwa mwaka. Ukitoa inayopotea, hazikosi lita 96,000, yaani mitungi 4,800, ambazo tulikuwa tukizipeleka kwenye mtaro kwa gharama yetu wenyewe. Wazee wa mji huu wasingefanya ujinga huo. Ndani ya Fort Jesus kwenyewe kuna birika la kuvunia mvua. Tulifunga mifereji ya paa, tukanunua tangi la lita 5,000, ambalo mvua moja nzito ya masika inakaribia kulijaza, na maji yanayofurika tukayaelekeza kwenye shimo la kokoto upande wa mbele, mbali na vyoo. Tulibomoa pia simiti, si yote. Wapangaji walikataa tope, na wana haki.

La tatu lilishindikana. Nyanya aliwaita majirani barazani, nyumba saba, kahawa na kashata. Nne zilikubali kulaza visima vyao. Mbili hazikuja. Ami alikuja, akala kashata, akakataa. Lakini baada ya wiki tatu nikaona mafundi juu ya paa lake wanafunga mifereji mipana kuliko yetu. Nilipomsalimia alisema amepiga hesabu ya umeme na vichujio vya ile mashine, na mvua ni rahisi. Habari za bahari hakuzitaja. Shimo la maji makali lipo pale pale.

Masika yalipokwisha nilipima tena. Chumvi ilikuwa imepungua, lakini masika hupunguza chumvi hata bila ya kufuli, na mwaka mmoja hautoshi kuvitenganisha viwili hivyo. Niliandika hivyo kwenye kazi yangu. Mwalimu alinikata alama kwa kukosa hitimisho, na pembeni ya mshale wa kumi na tano akaweka alama ya vema. Nilikuwa nimeshaupitishia wino.

Wiki iliyopita nilifika nyumbani usiku, nimetoka mbali, vumbi mpaka masikioni. Tangi la juu lilikuwa tupu. Nikagonga mlango wa nyanya, nikaomba ufunguo, dakika tano tu.

"Kisima kimelala, mwanangu. Kuna ndoo ya mvua hapo mlangoni."

Ndoo ilikuwa nusu. Nilijipaka sabuni kama nilivyozoea kwa maji ya kisima, mikono miwili, kwa nguvu, na povu likapanda kichwani, likashuka machoni, likajaza bafu zima, na yale makopo matatu yaliyobaki hayakutosha kulisuuza.